Tairi Pana za Babu

Kibanda changu cha soda na vocha kimeegemea ukuta wa nyumba yetu, pale pale penye geti, kwa hiyo hakuna anayeingia wala kutoka bila mimi kumpiga jicho. Ua ni mmoja. Upande mmoja anakaa kaka yangu na mkewe na watoto, upande wa pili mimi, na kile chumba cha nyuma alikuwa anakaa Shemeji, ndugu wa pekee wa wifi yangu, dereva wa lori, aliyehamia kwetu baada ya nyumba aliyopanga kuuzwa na mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Na kwetu sisi, mtu wa maneno machache huwa tunamjazia yaliyobaki.

Katikati ya ua linalala Babu. Babu ni gari. Baba yetu alilinunua likiwa tayari zee, gari la porini la enzi zile za bati nene, boneti kama sanduku la nguo, milango ambayo usipoibamiza haifungi. Porini kwenyewe halijakanyaga miaka mingi. Siku hizi linakwenda shule, sokoni, na kwenye kazi za kaka, ambaye ni fundi rangi wa mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Mtaani wanamwita Brashi. Kila anakokwenda ni lami, na kama si lami basi ni lami yenye mashimo.

Tairi za Babu zilikuwa zimeisha mpaka nyuzi zinachungulia. Kaka akatangaza kwamba ananunua mpya, na rimu mpya pia. Jumamosi ile wakaenda yeye na Shemeji kwa fundi tairi. Mimi sikualikwa, lakini nilifunga kibanda nikapanda nyuma. Jambo la kusimuliwa halina utamu.

Yule fundi tairi anauza yeye, anaziba pancha yeye, anajaza upepo yeye, na kusifu anasifu yeye. Alitutolea tairi pana zenye meno kama ngazi, zinang'aa utadhani zimepakwa mafuta ya nywele.

"Hizi ndizo saizi ya mzee kama huyu," akasema akilipigapiga gari boneti. "Matope, mchanga, mawe, hazijali."

"Matope ya wapi?" Shemeji akauliza.

"Ya popote, bosi."

Shemeji akapitisha kidole ubavuni mwa tairi, akakitazama. Kilikuwa cheusi tititi. Akachuchumaa, akaanza kusoma maandishi ya kwenye mpira kama mtu anayesoma karatasi ya mtihani. Akatuonyesha tarakimu nne ndani ya kiduara: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi lilipotengenezwa.

"Hili limekaa dukani mpaka limezeeka," akasema. "Limepakwa dawa ya viatu."

"Aa, bosi, usinitie doa mbele ya wateja!" Fundi tairi akacheka, lakini akalisukuma lile tairi nyuma kwa mguu, akaleta mengine. Hayo yalikuwa ya juzi juzi, tarakimu zake safi. Meno yale yale, upana ule ule.

"Shemeji, nisikilize," Shemeji akamgeukia kaka, maana wao wawili waliitana hivyo hivyo. "Gari hili usukani wake unazungushwa kwa mabega, hauna msaada. Ukilivalisha upana huu utakuwa unapigana nalo kila kona. Ukikata mpaka mwisho, tairi litakwaruza springi. Halafu meno makubwa kwenye lami ya mvua yanateleza, kwa sababu mpira unaogusa chini ni kidogo. Chukua nyembamba, ndefu, za barabarani, uziweke kwenye rimu zile zile za mzee."

Kaka akamtazama kana kwamba ametukanwa.

"Gari la porini kulivalisha tairi nyembamba ni kumpa simba miguu ya mbuzi."

"Na simba mwenyewe anakwenda wapi? Kununua vitunguu na kurudi."

Nilicheka. Hilo ndilo lililoharibu, kile kicheko changu mbele ya fundi tairi. Kaka akanunua zile pana pamoja na rimu pana za mitumba zilizokuwa zimeshika kutu, tukazibeba nyumbani ili zipakwe rangi kwanza. Njiani kurudi Shemeji alisema neno moja tu.

"Utanikumbuka."

Neno hilo nililisikia mimi, akalisikia kaka, na kabla ya jioni nadhani nusu ya mtaa ilikuwa imelisikia, maana kibandani watu hununua soda wakasahau kuondoka.

Rimu kaka alizipaka mwenyewe. Hapo msimguse. Ana usemi wake kwamba chuma kisicho na rangi kiko uchi. Alizipiga msasa, akazipaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya maziwa, zikakauka, akarudia, zikakauka, akarudia tena. Alipaka nje, ndani, na kwa kijibrashi kidogo akapaka mpaka ndani ya matundu ya nati. Fundi tairi alipozifunga kwenye gari, rimu za baba zikarundikwa nyuma ya nyumba, na Babu alipendeza, si uongo. Watoto wa shule walisimama getini kulitazama. Shemeji alipita na ndoo yake ya maji, hakugeuka.

Wiki haikuisha, kaka akarudi na wifi kutoka sokoni uso umemshuka. Gurudumu la mbele lilikuwa limeanza kugonga, koko, koko, koko, wakasimama pembeni, akazishika nati kwa mkono mtupu na zikazunguka. Kwa mkono mtupu! Alirudi kwa fundi tairi amefura. Yule bwana akaapa kwa watoto wake wote kwamba alikaza kwa spana ndefu, tena akapanda juu yake kwa mguu. Kwa kumwonyesha, akazikaza upya mbele ya macho yake.

Baada ya siku chache, za nyuma nazo zikaanza.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipoharibika hewa. Fikirieni wenyewe. Ua una ukuta, geti linafungwa kwa kufuli, na gari linalala ndani. Nati hazina mikono. Nani basi? Kila mmoja alianza kumtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Mimi nilimdhania fundi tairi, kwamba labda anatuma mtu aruke ukuta ili turudi dukani. Nikamdhania jirani anayelalamikia moshi. Siku moja, Mungu anisamehe, nilimtazama hata wifi yangu akianika nguo karibu na gari nikajiuliza ana nini cha kuanika kila siku.

Kaka hakuzunguka kama mimi. Alinong'ona dirishani pangu akiwa na chenji mkononi, kama mteja.

"Nani alisema nitamkumbuka?"

"Kaka, lile lilikuwa neno tu."

"Neno huwa na mwenyewe. Tairi zangu hakuzitaka. Sasa anataka zinishinde ili aonekane alijua."

Jioni hiyo alimwambia Shemeji mbele yetu sote, wakati wa chakula, kwamba kuanzia leo hataki mkono wa mtu kwenye gari lake, hata wa kufuta vumbi. Shemeji akaendelea kutafuna. Wifi akaweka kijiko chini.

"Mtu gani?" akauliza. "Humu ndani mna mtu, au tuko familia?"

Kaka akanawa mikono, akatoka nje.

Kaka akabuni mtego. Kila jioni akishaegesha, alichukua kile kijibrashi akachora mstari mwembamba mwekundu kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu, nati zote, gurudumu kwa gurudumu. Nati ikisogea, mstari unakatika. Asubuhi ya kwanza alikuta mistari kadhaa imekatika, nusu ya juu ya nati huku, nusu ya kwenye rimu kule. Akapiga picha, akaitupa kwenye kundi la simu la ukoo mzima na maneno haya: *Oneni wenyewe tunavyoishi na nyoka.* Mashangazi wakaanza kumiminika, huyu analaani, yule anapeleka maombi, na mmoja anauliza kama Babu linauzwa.

Kesho yake, giza la alfajiri likiwa bado halijatoka vizuri, kaka akaniomba ufunguo wa kibanda. Nilimpa, kisha nikaingia naye. Mnadhani ningelala? Tukakaa juu ya kreti, tumefungua upenyo mdogo wa dirisha linalotazama uani. Mlango wa chumba cha nyuma ukalia. Shemeji akatoka, kavaa singlendi, spana mkononi. Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele.

Kaka alitoka kama kapigwa teke.

"Nimekupata!"

Shemeji hakukimbia. Alisimama taratibu, spana bado iko mkononi.

"Nilikuwa nakaza."

"Unakaza! Mwizi akikutwa ndani husema alikuwa anafunga mlango."

"Shemeji, zinalegea zenyewe. Tangu siku ile ya sokoni nazikaza kila alfajiri. Dada yangu anapanda gari hili. Wajomba wanapanda."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema zimelegea, wewe ungesema nimezilegeza. Kama unavyosema sasa."

Kelele zilimtoa wifi nje, kitenge kifuani. Alitazama spana, akamtazama ndugu yake, akamtazama mumewe, na mimi nimesimama mlangoni mwa kibanda sina pa kuuweka uso. Shemeji hakungoja hukumu. Aliingia chumbani, akatoka na begi lake la safari, akamshika dada yake bega, akaenda zake kwenye kituo cha malori, ambako madereva hulala ndani ya magari yao.

Wifi hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Baba watoto," akasema, "umemtoa ndugu yangu. Sawa. Gari ni lako, geti ni lako, ufunguo unao. Nati zikilegea tena naye hayupo, utaniambia alikuja na mabawa? Siku hiyo mimi na watoto tutamfuata huko huko aliko. Sitorudia."

Kaka akasema haitatokea. Alisema kwa sauti kubwa, ya mtu anayetaka asikike mpaka barabarani.

Basi tukaishi. Siku zikapita na kaka akiulizwa habari ya Babu anajibu, "Mnaona? Kimya! Tangu aondoke, hakuna cha nati wala nini." Alilisema hilo mara nyingi, hata bila kuulizwa, na mimi kazi yangu ni kusikiliza watu. Mtu akijibu swali ambalo hajaulizwa, vuta kiti. Tena alikuwa anasinzia mchana. Fundi rangi anasinzia na brashi mkononi! Na bega la kulia alikuwa analikanda kanda, akisema ni kazi ya juu ya ngazi, ilhali wiki hiyo alikuwa anapaka vitanda.

Nikaanza kuamka mapema na kujibanza kibandani. Sikumwambia mtu.

Alfajiri moja nikaisikia, kri, kri, kri, sauti ya spana kwenye nati. Nikasema, kumbe yule bwana anaruka ukuta kweli! Nikafungua upenyo. Aliyechuchumaa pale kwenye gurudumu hakuwa Shemeji. Alikuwa kaka yangu, na shati kaligeuza ndani nje kwa haraka, anakaza nati huku anageuka geuka kuutazama mlango wa chumba chake mwenyewe.

Mlango ule ulikuwa wazi. Wifi alikuwa amesimama hapo, sijui tangu lini.

"Unafanya nini?" akauliza kwa upole.

Kaka alinyanyuka, spana ikamgonga goti.

"Na... nakaza."

Neno hilo lilipotoka, nadhani alilisikia mwenyewe likianguka.

"Na jana?"

"Jana pia."

"Tangu aondoke?"

Kaka akaitikia kwa kichwa. "Nikiendesha mchana, zinalegea. Nilidhani ni mimi sikazi vizuri. Nilidhani zitatulia. Ulisema utaondoka, ningefanyaje?"

Wifi akanigeukia mimi pale dirishani. Kumbe alijua siku zote kwamba nipo.

"Wifi, una ile picha aliyotuma kwenye kundi?"

Picha nisiwe nayo mimi? Nikatoka na simu. Akaikuza kwa vidole, akaitazama karibu.

"Nati mnakazia upande gani?"

"Kulia," nikasema. "Kama kifuniko cha chupa."

"Basi tazama."

Tukatazama. Mstari mwekundu kwenye rimu uko pale pale, na kipande chake kilichobaki kwenye nati kimesogea kulia. Kwenye kila nati iliyosogea, kimekwenda kulia. Ukoo mzima ulikuwa umeitazama picha ile, mashangazi wameomba na kulaani, na hakuna kati yetu aliyeuliza nati imekwenda upande gani. Tulitaka isogee tu.

Wifi aliingia ndani. Nikasikia zipu ya begi.

"Nipe mpaka jioni," kaka akasema mlangoni. "Mke wangu, nakuomba. Jioni tu."

"Jioni nitakuwa nimeshafunga," akajibu. "Kama nitafungua tena, utajua wewe."

Tulikwenda kwa fundi tairi mwendo wa jeneza. Kaka hakubishana safari hii, alisema tu, "Vua gurudumu, nataka kuona." Fundi tairi akapiga jeki, akavua, akailaza rimu kwenye benchi. Pale nati zinapokalia, rangi ya maziwa ilikuwa imepondeka pete pete, inameguka kama ganda la yai. Fundi tairi akaichokonoa kwa ncha ya bisibisi, likatoka tabaka, chini yake tabaka, chini yake tena tabaka.

"Nani kapaka humu?" akauliza. "Nati inataka kukaa chuma kwa chuma. Hapa imekaa juu ya rangi. Ukiendesha, rangi inasagika, nati inabaki haina cha kushika. Ukaze hata kwa trekta."

Kaka alikuwa amesimama na mikono yake yenye madoa ya rangi ile ile. Fundi tairi alipopata jibu kwa kutazama kucha za kaka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusifu kitu.

Gari tukaliacha pale kwa fundi; kwenye kituo cha malori tulimkuta Shemeji amekaa kwenye kivuli cha lori lake, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kaka alieleza yote, rangi, picha, kulia, hata habari ya kukaza alfajiri kwa kujificha. Kisha akasema, "Nimekukosea. Nisamehe."

Shemeji akamwaga masalio ya chai.

"Nyoka uliniita mbele ya ukoo mzima. Radhi unakuja kuniomba chini ya lori?"

Kaka akatoa simu. Akabonyeza, akasema humo kwenye kundi, kwa sauti yake, huku malori yananguruma: kwamba nati zililegea kwa rangi aliyoipaka mwenyewe, kwamba shemeji yake ndiye aliyekuwa anawalinda watoto wake, na kwamba neno lile la nyoka amelimeza. Akaituma bila kuirudia kuisikiliza. Shangazi mmoja akajibu papo hapo kuuliza tena kama gari linauzwa.

Shemeji akacheka kidogo kwa pua. "Nitarudi kwa ajili ya dada yangu," akasema. "Lakini sharti moja. Mkono wangu hautagusa gari lile."

Tulipita tena kwa fundi tairi njiani, maana kaka alitaka yaishe siku ile ile. Aliagiza rimu za baba, zile nyembamba, zikaletwa kwa bajaji kutoka nyumbani, akakaa chini na kisu na msasa akakwangua sehemu zote za kukalia nati mpaka chuma kikang'aa kikiwa uchi. Ilimuuma, ilionekana. Kisha akamgeukia Shemeji.

"Tairi gani? Chagua wewe."

"Sichagui."

"Shemeji, mimi nakusikiliza sasa."

"Sichagui. Nikichagua, na kesho likapasuka, utakumbuka kwamba nilichagua mimi."

Ilikuwa kweli, na sote pale tulijua ni kweli. Akachagua mwenyewe, polepole. Akauliza lipi halitelezi kwenye lami ya mvua, akauliza lipi halitakwaruza springi usukani ukikatwa mpaka mwisho, akachuchumaa kusoma tarakimu nne za kila tairi, akapitisha kidole ubavuni na kukitazama. Zilikuwa tairi nyembamba za barabarani. Kila alipoinua macho kumtazama Shemeji, Shemeji alikuwa anatazama barabara. Zilipofungwa, kaka akamnyooshea spana. Shemeji akaweka mikono nyuma.

"Kaza mwenyewe," akasema. "Hapa penye watu."

Wifi alitusikia tulipoingia getini. Alitoka, akalizunguka gari lote, akamtazama ndugu yake, akaingia ndani. Baadaye nikasikia zipu. Sikujua inafunguliwa au inafungwa mpaka nilipowaona watoto wanatoka wamevaa nguo za nyumbani.

Nati hazijalegea tena. Hata hivyo Shemeji anaamka alfajiri kama zamani. Namwona kupitia upenyo wangu akizunguka gurudumu moja baada ya jingine, mikono kaifunga mgongoni, anainama, anatazama. Hagusi. Akimaliza anakwenda chini ya dirisha la kaka.

"Shemeji!" anaita. "Njoo uangalie nati zako."

Ndani kitanda kinalia, na kaka yangu anatoka na spana.